Kishale cha Tatu

Jumanne, 10 Juni

Nimerusha vishale asubuhi kabla ya kufungua duka, kama kawaida. Ubao uko ukutani nyuma ya stoo, kati ya ndoo za rangi na mabomba ya plastiki. Mkono uko sawa. Bega limeacha kusumbua. Tatizo liko juu ya shingo.

Cha kwanza kinakwenda vizuri. Cha pili vizuri. Kabla ya cha tatu nakumbuka sijampigia simu mtu wa mabati, na kishale kinakwenda kugonga ukuta. Ndivyo ilivyo siku hizi. Zamani nikisimama kwenye mstari kila kitu kilikuwa kinabaki nje. Sasa vyote vinaingia: mabati, dawa ya presha, jina la jirani aliyefariki ambalo silikumbuki.

Mchana nimempa mteja misumari ya inchi tatu wakati aliomba ya inchi nne. Amerudi amevimba. Mke wangu, Mama Wegesa, amembadilishia bila kusema neno. Huko kunyamaza kwake kumeniudhi kuliko kama angenisema.

Alhamisi, 12 Juni

Klabu. Aibu tupu.

Mimi ndiye mfungaji wa timu yetu ya mtaa wa Kitaji, hapa Musoma, tangu ubao ule ulipotundikwa pale baa. Wenzangu wanashusha alama, mimi namalizia. Na kumalizia si lelemama. Alama lazima zifike sifuri kamili, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, ule ukanda mwembamba wa pembeni. Ukizidisha umeharibu zamu nzima.

Leo nimesimama kwenye mstari nikasahau zimebaki ngapi. Nikatazama ubao wa chaki, nikasoma, nikainua mkono, zikapotea tena. Nikarusha hivyo hivyo. Nimezidisha. Mmoja wa meza ya nyuma akacheka, halafu akajifanya anakohoa.

Ryoba, nahodha wetu, ametuita pembeni. Yeye ni mtu wa halmashauri, hawezi kupitisha wiki bila kikao. Amesema mechi ya Bunda mwezi ujao ni fainali, hivyo tufanye tathmini ya nafasi. Maana yake mimi. Masatu akasema kama Magesa hafungi, basi na yeye hachezi. Masatu ndiye mwenzangu wa jozi. Anauza dagaa Kamunyonge, kwao Kibara. Tumerusha pamoja tangu wote wawili tuna nywele nyeusi. Ryoba akasema tutaona.

Nimelala njaa kwa hasira. Nina miaka sitini na nne. Hakuna kitu kingine ninachokijua vizuri namna hii. Hata duka, ukweli usemwe, linaendeshwa na mke wangu.

Jumapili, 15 Juni

Butiama, kwa kaka. Nimekwenda baada ya misa.

Kaka yangu Wambura alikuwa karani wa pamba. Alikuwa anajumlisha kichwani haraka kuliko mtu mwenye mashine, na wakulima walikuwa hawathubutu kubishana naye. Leo nimemkuta amekaa kwenye kiti chake, amevalishwa shati safi. Kabla sijafungua mdomo akanipa shikamoo.

Mimi mdogo wake. Alinibeba mgongoni. Nikaitikia marahaba kwa sababu sikujua nifanye nini. Bado najisikia vibaya kuiandika.

Nimemuuliza shemeji, mke wake, ilianzaje.

"Alianzaga na vitu vidogovidogo," akasema. "Anasahau hesabu, anasahau umemtuma nini. Sisi tulikuwa tunamcheka tu."

Njia yote ya kurudi Musoma nilikuwa najipa hesabu za kutoa na kujumlisha kama mtoto wa shule. Nyingine nilizipata. Nimeogopa. Sijui neno lingine.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia Masatu. Yeye peke yake. Nilimweleza habari ya kaka, misumari na alama zinazopotea. Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Amesema kichwa changu hakijaharibika, kimeacha milango wazi tu, na yeye ataifunga. Dawa yake ndiyo hii. Kwetu mtupaji hachomoi vishale vyake mwenyewe. Mwenzake anasimama kando ya ubao, na zamu ikiisha yeye ndiye anachomoa na kumrudishia. Ni sheria yetu ya zamani, ilikuja kwa sababu ya wajanja waliokuwa wanachomoa kishale haraka kabla hakijasomwa vizuri. Kwa hiyo Masatu husimama kando ya ubao siku zote. Sasa atasimama pale pale, na wakati narusha atapiga kelele. Kazi yangu ni kutosikia.

Tumeanza leo stoo. Nikiinua mkono tu, anaanza. "Magesa, duka linaungua!" "Magesa, mkeo anaondoka na mtu wa mabati!" Hayo nimeyaweza. Kisha akapaza sauti, "Simama! Simama kwanza!" Nikasimama. Nani asingesimama?

Akanijia amekasirika kweli, akanitukana kwa Kijita, lugha ya kwao.

"Hata nikikuambia nakufa, wewe tupa," akasema. "Vitatu vyote viishe, ndo usikie."

Jumamosi, 21 Juni

Bado nasikia. Amenifokea simama, nimerusha, lakini kishale kimegonga ukuta. Masatu anasema kesho tena. Ana subira kuliko mimi.

Mtu wa mabati amekuja mwenyewe. Ilibidi Mama Wegesa anikumbushe tuliagiza geji gani.

Ijumaa, 27 Juni

Leo sikusikia.

Nilivuta pumzi, nikarusha vyote vitatu kwa mwendo mmoja, nikashusha pumzi. Nilishaacha kuvifikiria kimoja kimoja. Ni kitu kimoja sasa, kama kumeza. Nilipomaliza, Masatu akaniuliza alikuwa anasema nini. Sikujua. Kumbe alikuwa analiita jina la marehemu mama yangu, kwa sauti ya juu, na kuniamuru nisimame.

Alicheza pale stoo kati ya ndoo za rangi, mzee mzima, mpaka Mama Wegesa akaja kuchungulia. Sijafurahi hivi tangu Wegesa aolewe.

Alhamisi, 3 Julai

Nimefunga michezo yote klabu. Yote. Yule wa kukohoa leo hakukohoa. Ryoba amesimama akatangaza mbele ya watu kwamba kule Bunda anafunga mzee Magesa. Amenishika mkono kwa mikono miwili. Nilijifanya ni jambo la kawaida. Moyoni nilikuwa natamani kupiga vigelegele.

Nyumbani kumetokea jambo dogo. Mama Wegesa amesema aliniita kula, nikawa nimekaa naangalia ukuta, akaniita tena na tena, mpaka akaja kusimama mbele yangu. Nikamwambia ndiyo dawa yenyewe inafanya kazi. Nilimwambia kwa furaha.

Yeye hakufurahi. Aliniangalia jinsi shemeji anavyomwangalia kaka.

Jumatatu, 7 Julai

Sikukuu, duka nusu siku. Nimefanya mazoezi na Masatu. Ana tabia ya kuchomoa kishale cha ushindi mapema mno, kikiingia tu tayari amenyoosha mkono, anataka awe wa kwanza kukishika. Nimemwambia siku moja atajidunga. Akasema amekuwa akifanya hivyo miaka yote na mimi huwa nasimama mwenyewe kishale kikiingia. Ni kweli. Huwa nasimama.

Ijumaa, 11 Julai

Fulana ya timu imepigwa pasi. Vishale nimevifuta kwa mafuta. Nimekunywa dawa, nimeangalia mara mbili kama nimekunywa.

Sina wasiwasi na mkono. Naomba Mungu anipe kichwa kwa kesho tu. Baada ya hapo akichukue akitaka. Nimeiandika hivyo na sitaifuta, ingawa si sala nzuri.

Jumamosi, 12 Julai

Bunda. Siwezi kuandika.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda misa. Naandika ili iwe imeandikwa.

Ukumbi ulijaa. Watu wa Bunda wana kelele, wanapiga meza, wanazomea. Ryoba alikuwa anahangaika, ananiuliza kama nawasikia. Nilikuwa siwasikii. Michezo ilikuwa sare, tumebakiwa na mmoja. Jozi yao ikakosa. Zamu yangu ikafika. Zilikuwa zimebaki alama kumi na sita, nilihitaji dabo nane tu. Dabo nane iko upande wa kushoto wa ubao, na Masatu alikuwa amesimama kushoto.

Nikavuta pumzi. Cha kwanza kikatoka nje kidogo. Cha pili kikaingia dabo nane.

Tulikuwa tumeshinda. Mchezo ulikuwa umekwisha. Kila mtu mle ndani aliliona hilo isipokuwa mimi. Masatu akanyoosha mkono kuchomoa, akageuza uso kuniangalia, anacheka. Wanasema alikuwa anasema, "Simama, tumeshinda." Wanasema alisema kwa sauti. Mimi nilikuwa na kishale cha tatu mkononi, na kwangu vilikuwa vitatu.

Kimempata jicho la kushoto.

Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, ameshika uso. Nilishusha pumzi yangu kwanza. Hiyo ndiyo inayoniua. Nilimaliza, nikashusha pumzi kama nilivyofundishwa, ndipo nikaona yuko chini.

Wamemkimbiza hospitali, na kutoka hapo wamemwondoa kwenda Mwanza. Nilitaka kupanda gari, Ryoba akanizuia. Alinishika kwa upole sana. Damu ilikuwa kwenye fulana yangu na sijui ilifikaje.

Jumatano, 16 Julai

Jicho limetolewa. Ryoba amenipigia simu. Lile la pili ni zima.

Masatu amewaambia wote kosa ni lake, aliwahi mno kuchomoa. Polisi waliuliza, akawaambia hivyo hivyo. Hakuna aliyenilaumu. Watu wanapita dukani wananipa pole mimi. Natamani mmoja anitukane.

Ninachojiuliza ni kimoja tu, na sijamwambia mtu. Ilikuwa ile dawa ya Masatu, au ule ugonjwa wa kaka? Kama ni dawa, tuliinywa wawili. Kama ni ugonjwa, basi siku ile klabu nilipaswa kukaa chini na kumwachia Ryoba nafasi yangu ampe mwingine, na jicho la Masatu lingekuwa mahali pake.

Ijumaa, 18 Julai

Ryoba ameleta kikombe dukani. Amekiweka juu ya kaunta, katikati ya makufuli. Amekuja na habari nyingine pia: timu ya mkoa inanitaka. Wameniona Bunda.

"Mzee wangu, ajali ni ajali," akasema. "Lakini umakini ule hata sisi vijana hatuna. Watu wanapiga meza na wewe hata kope hazichezi."

Nilimwangalia nikaona hana nia mbaya. Anadhani ananifariji. Alipoondoka, Mama Wegesa alikichukua kile kikombe akakifunika kwa gunia la saruji.

Jumanne, 22 Julai

Nimekwenda Kamunyonge. Masatu karuhusiwa, lakini amepelekwa moja kwa moja Kibara kwa ndugu zake, vumbi la mjini si zuri kwa kidonda. Nimemkuta mke wake, Nyangeta, anafunga vyombo amfuate. Hakunikaribisha ndani. Nikamsaidia kufunga godoro kwa kamba, akaniacha nifanye.

Kisha akaniuliza. "Watu wote wa Bunda wamemsikia anakwambia simama. Wewe peke yako ndo hukusikia?"

Nikasema sikusikia.

Nikajua Masatu hakumwambia. Nikamwambia mimi. Stoo, kelele, duka linaungua, jina la mama yangu. Nikamwambia alikuwa ananifokea nisimame ili nijifunze kutosimama. Nikamwambia hata habari ya kaka Butiama, ambayo sikukusudia. Nyangeta alikaa juu ya gunia la dagaa akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi alikufundisha vizuri," akasema.

Nilitegemea alie, au anifukuze. Alifunga fundo la mwisho, akaita bajaji. Miaka yote mimi kwake ni shemeji. Leo ameniaga, "Haya, mzee." Imeniuma kuliko lile swali.

Jumamosi, 26 Julai

Mama Wegesa amenipeleka kwa daktari. Mambo ya kutaja mwezi, kuchora saa, kukumbuka maneno matatu. Maneno mawili nilimpa. La tatu lilikataa. Daktari akasema umri wangu, presha, mawazo, mengi yanaweza kuwa sababu, nirudi tena baadaye tuangalie. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Nimechoka na watu wasiosema.

Alhamisi, 31 Julai

Klabu. Ryoba alinisihi, nikaenda ili asije tena dukani.

Nilisimama kwenye mstari. Kando ya ubao alisimama mwingine, mwenzangu mpya, mtu mzuri tu, hata simfahamu sana. Niliinua mkono. Nikamwangalia macho. Nikaangalia ubao, nikamwangalia tena macho. Alisogea nyuma hatua, akidhani yuko karibu mno. Nikamwangalia pale alipo.

Kila kitu nilikisikia. Friji la baa, pikipiki nje, mtu anamenya karanga. Nilisikia hata anavyopumua.

Mkono ulikataa kuachia. Vidole havikufunguka. Nimesimama hivyo mpaka watu wakaacha kuongea. Nikaenda kuviweka vishale vyote vitatu mezani, mbele ya Ryoba. Akasema nipumzike, nafasi yangu ipo. Nikamwambia ampe mwingine. Hakubisha, na nimemshukuru kwa hilo.

Hakuna aliyecheka safari hii.

Jumanne, 5 Agosti

Mama Wegesa ameubandua ubao stoo. Umeacha duara jeupe ukutani na matundu pembeni. Anasema atapaka rangi, duka la rangi halikosi rangi. Nimecheka kidogo.

Masatu ametuma salamu. Anauliza mbona siji.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda Kibara.

Nilikaribia kurudia njiani Bunda. Nilishuka, nikanunua sukari, nikapanda gari lingine.

Masatu alikuwa kibarazani, amekaa kwenye benchi la mbao, bandeji ndogo usoni. Amekonda. Alisikia hodi akaijua sauti yangu, akasema karibu bila kugeuka. Nikakaa naye kwenye lile benchi. Tukaongea bei ya dagaa, mvua, mtoto wa dada yake aliyefaulu. Anaongea kama zamani. Mimi nilikuwa naitikia tu.

Nyangeta alileta ugali na sato wa mchuzi. Akatunawisha, mimi kwanza kwa kuwa ni mgeni. Masatu alinyoosha mkono kwenye mchuzi akaukosa, vidole vikagonga meza. Akasogeza, akaupata. Mke wake alikuwa anaangalia pembeni. Nami nikaangalia pembeni. Anaona kitu kilipo lakini hajui kiko umbali gani, amesema, na anasema atazoea. Kumwaga chai ndiko kunamshinda.

Nilikuwa nimejiandaa na maneno. Niliyapanga tangu Musoma. Nilipoanza, akanikatiza.

"Magesa, hamia huku. Hapo sikuoni."

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, upande wa jicho lililotolewa. Tangu nilipofika. Nilikaa hapo makusudi, nadhani alijua.

Nikainuka, nikazunguka meza, nikakaa kulia. Nyangeta akasogeza sahani yangu. Masatu akageuza kichwa, akaniangalia kwa muda, uso wote, taratibu.

Akasema nimezeeka. Nikamwambia ndiyo. Tukaendelea kula.